MACHO HAYANA PAZIA, LAKINI YANATAKA KIVULI

Wahenga walisema kwamba macho hayana pazia. Maana yao ilikuwa kwamba binadamu hawezi kuzuiwa kutazama. Mlango unaweza kufungwa na mdomo unaweza kuzibwa, lakini jicho litakwenda litakako. Ni methali ya kweli. Hata hivyo, ukiisikiliza vizuri utaona kuwa ina onyo ndani yake. Nyumba isiyo na pazia huingiwa na kila kitu, kizuri na kibaya, na katika nchi hii yetu ambayo mstari wa ikweta umeipasua katikati, kitu cha kwanza kuingia machoni kila kunapopambazuka ni jua.

Siku hizi, ndugu msomaji, imezuka hofu nyingine. Watu wanaogopa mwanga wa simu, wa kompyuta na wa televisheni. Nimeulizwa jambo hili ndani ya matatu, kwenye harusi na hata matangani: "Je, ni kweli kwamba simu inapofua macho?" Na karibu kila aniulizaye huwa amesimama juani, kichwa wazi, amefinya macho mpaka yamebaki kama mistari miwili. Hapo ndipo nilipoona kwamba pana haja ya makala haya. Tumezitia nuru mbili katika kapu moja, ilhali moja ni simba na nyingine ni paka. Tena tumefanya ajabu kubwa zaidi: paka tumemfungia mlango, na simba tumemwachia uwanja.

KIVULI CHA WAZEE WETU

Wazee wetu walilijua jua na waliliheshimu. Nenda Lamu, mji ambao UNESCO iliutia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka wa 2001, utembee katika vichochoro vyake saa nane za mchana. Kuta za mawe za upande huu zinaupa kivuli upande ule, na njia ni nyembamba kiasi kwamba punda wawili waliobeba mizigo hupishana kwa taabu. Mbele ya nyumba kuna daka lenye viti vya mawe, ambapo mgeni huketi na kuzungumza bila kuchomwa na jua. Aliyejenga mji ule hakuwa na kipimo cha miale wala hakusoma kitabu cha udaktari, lakini alijua kwamba mwanadamu na jua la Pwani hawawezi kukaa uso kwa uso mchana kutwa.

Lakini kivuli hicho kinakoma pale mji unapokoma. Ukitoka kwenye vichochoro na kufika ufuoni, hapo ni jua, mchanga na maji. Na hapo ndipo walipo watu wanaotulisha samaki.

Nilipokuwa huko nilimkuta mzee mmoja ameketi kando ya mashua, anashona wavu. Alikuwa amevaa kofia nzuri ya vito, nyeupe, iliyotarizwa kwa mkono. Nikamwamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu uketi. Lakini keti upande huu, maana ukiketi upande ule nitakusikia tu, sitakuona."

Nilipoketi niliona sababu. Katika jicho lake la kulia kulikuwa na kinyama kilichoota kutoka upande wa pua, kikatambaa juu ya weupe wa jicho mpaka kikafika kwenye mboni. Na jicho la kushoto, ambalo ndilo alilokuwa akilitumia kushonea wavu, lilikuwa limeanza kuingia ukungu wa mtoto wa jicho. Aliniambia kwamba alianza kwenda baharini angali mvulana.

"Bahari ina majua mawili, mwanangu," alisema. "Moja juu na moja chini. Lile la juu hukuchoma utosi. Lile la chini hukutafuta macho."

Karibu naye alikuwapo mjukuu wake, kijana anayetengeneza simu katika kibanda kilicho hapo jirani. Kijana huyu alivaa miwani yenye vioo vya rangi ya manjano hafifu. Nikamuuliza ni ya nini.

"Hii ni ya kuzuia mwanga wa simu," alijibu kwa fahari. "Nimeinunua Mombasa, shilingi elfu mbili. Mimi hutazama simu mchana kutwa."

"Na babu umemnunulia ipi?"

"Ah! Babu ana simu ya vitufe tu. Yeye hana haja ya miwani."

Mzee alicheka, kijana naye akacheka. Lakini mimi jawabu lile lilinikaa moyoni, kwa sababu kijana yule hakuwa mjinga wala hakuwa mtovu wa upendo kwa babu yake. Alikuwa anasema tu lile ambalo nchi nzima inaliamini.

JUA LINAFANYA NINI?

Natutazame basi jua lenyewe. Nuru ya jua si ile tunayoiona peke yake. Pamoja nayo huja miale tusiyoiona, ambayo wataalamu wameiita miale ya urujuanimno, kwa kuwa iko ng'ambo ya rangi ya urujuani, ile ya mwisho katika upinde wa mvua. Miale hii ndiyo inayobabua ngozi ya mtu mweupe ufuoni, na ndiyo inayopausha rangi ya kanga iliyosahauliwa kwenye kamba.

Katika jicho, miale hii hukutana kwanza na konea, yaani kile kioo cha mbele, na kisha hukutana na lenzi iliyo nyuma ya mboni. Sehemu hizi mbili huipokea karibu miale yote ili isifike kwenye pazia la ndani, linaloitwa retina. Ni kama mlinzi anayepigwa mawe ili mwenye nyumba asiguswe. Mlinzi huyo haumii kwa siku moja. Lakini miaka ishirini, thelathini ikipita, lenzi huanza kupoteza uangavu wake, jinsi ute wa yai unavyogeuka mweupe ukiwekwa motoni. Huyo ndiye mtoto wa jicho. Hali kadhalika ngozi laini iliyo juu ya weupe wa jicho, ikichomwa na jua, upepo na vumbi mwaka baada ya mwaka, huota kile kinyama nilichokiona kwa yule mzee. Kinyama hicho hukatwa na daktari, lakini mara nyingi huota tena.

Sisemi kwamba kila mtoto wa jicho huletwa na jua. Uzee ndio unaoongoza, na sigara na ugonjwa wa kisukari nao wana sehemu yao. Lakini sehemu ya jua si ndogo. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba watu wapatao milioni 15 duniani ni vipofu kwa sababu ya mtoto wa jicho, na kwamba huenda hadi asilimia 10 ya upofu huo ukawa umetokana na miale ya jua. Hesabu mwenyewe, msomaji: ni hadi watu milioni moja na nusu.

Na yule mzee aliyesema bahari ina majua mawili alisema kweli. Majani na udongo hurudisha juu chini ya sehemu moja kwa kumi ya miale hiyo. Mchanga mkavu wa ufuoni hurudisha takriban asilimia 15, na povu la bahari takriban asilimia 25. Kwa hiyo mvuvi hupigwa kutoka mbinguni, na kisha hupigwa kutoka chini ya kope zake.

Jambo hili lilipimwa huko Marekani. Katika Ghuba ya Chesapeake, jimbo la Maryland, wako watu wanaoishi kwa kuvua kaa na chaza. Madaktari waliwachunguza wavuvi 838, wakawauliza kila mmoja amekaa majini miaka mingapi, katika majira gani, na kama huvaa kofia au miwani. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 1988. Ilionekana kwamba mvuvi aliyepokea miale mara mbili zaidi ya mwenzake alikuwa na hatari iliyozidi kwa asilimia 60 ya kupata mtoto wa jicho wa aina ile inayoanzia pembeni mwa lenzi. Kumbuka kwamba jua la Maryland hupumzika wakati wa baridi. Jua la Lamu halina likizo.

CHEPEO

Sasa, dawa yake ni nini? Dawa ya kwanza ni rahisi mno hivi kwamba wengi huidharau. Ni kofia yenye ukingo.

Kiswahili kina jina maalumu la kofia hiyo: chepeo. Neno hili tulilipata kwa Wareno, wale waliofika Malindi mwaka wa 1498 na wakaanza kujenga Fort Jesus mwaka wa 1593. Kwao ni "chapéu". Wareno walikwenda zao, neno likabaki, na akina mama wa Pwani wakaendelea kusuka kofia za miyaa kwa ukili ule ule wanaosukia mikeka na vikapu. Kwa hivyo chepeo si kitu kigeni kwetu. Malighafi yake inamea hapa hapa, mikono ya kuisuka iko hapa hapa.

Tofauti na chepeo, kofia yetu ya vito, kwa uzuri wake wote, haina ukingo. Inampa mwanamume heshima, inamkinga utosi, na matundu yake yanapitisha upepo. Lakini macho inayaacha wazi kabisa. Vivyo hivyo kilemba, na vivyo hivyo leso ambayo mama huifunga kichwani akienda shambani, isipokuwa akiivuta mbele ikatoa kivuli usoni. Siwaambii watu waache mavazi yao. Nasema tu kwamba kofia ya vito ni ya msikitini na barazani, na chepeo ni ya kazini. Mtu hawezi kwenda kulima na viatu vya harusi.

Ukingo wenye upana wa vidole vinne au zaidi, uliozunguka kichwa chote, hupunguza miale inayoyafikia macho kwa takriban nusu. Nusu, msomaji! Na bila dawa, bila sindano, bila kumwona daktari. Pingamizi ninalolisikia kila mara ni la aibu. "Nikivaa chepeo wataniita mtalii," husema mmoja. "Wataniita mchunga mbuzi," husema mwingine. Basi na wamwite! Mtalii husafiri maelfu ya maili kuja kulitazama jua letu, lakini hathubutu kushuka kutoka ndani ya ndege bila ya kofia na miwani. Sisi tuliozaliwa nalo tunadhani tumezoeana. Ngozi yetu nyeusi ina kinga yake, hilo ni kweli. Lakini lenzi ya jicho haina weusi huo. Jicho la Mwafrika na jicho la Mzungu, mbele ya miale hii, yote mawili ni vioo vitupu.

Jambo jingine linalofaa kujulikana ni saa za hatari. Wengi hudhani ni adhuhuri tu. Kwa ngozi ni kweli, lakini kwa macho sivyo kabisa. Jua likiwa utosini, paji la uso na nyusi hutia kivuli machoni. Likiwa limeinama kidogo, katikati ya asubuhi na katikati ya alasiri, humulika moja kwa moja ndani ya jicho. Wataalamu wa Japani walilionyesha jambo hili mwaka wa 2011 kwa kuweka vipimo katika macho ya sanamu iliyosimamishwa juani. Kwa hiyo chepeo ivaliwe tangu asubuhi, wala mawingu membamba yasitudanganye, maana huipitisha sehemu kubwa ya miale hiyo.

MIWANI NYEUSI SI KINGA KWA WEUSI WAKE

Baada ya chepeo huja miwani ya jua. Hapa pana mtego. Weusi wa kioo hauna uhusiano na kinga. Kinachozuia miale ni aina ya kioo au plastiki, au dawa iliyopakwa juu yake. Na dawa hiyo haina rangi. Iko miwani myepesi kama maji inayozuia miale yote, na iko miwani nyeusi kama makaa isiyozuia kitu.

Tena hiyo nyeusi isiyozuia inaweza kuwa mbaya kuliko kutovaa miwani kabisa. Mtu akiwa juani, mboni zake hujifinya zikawa ndogo, na kope zake hukaribiana. Hiyo ndiyo kinga aliyotupa Muumba. Ukivaa kioo cheusi, jicho linadhani ni jioni. Mboni inapanuka, kope zinafunguka, na miale isiyozuiwa inaingia kwa wingi zaidi.

Basi unaponunua miwani, tafuta alama ya "UV 400". Maana yake ni kwamba miwani hiyo inaizuia miale yote ya urujuanimno. Lakini kwa kuwa alama inaweza kubandikwa na yeyote mwenye gundi, lililo bora ni kuipeleka katika duka la miwani lenye kipimo, ambapo kazi hiyo ni ya muda mfupi tu. Chagua inayokumbatia uso, ili miale isipenye ubavuni. Wala usipime ubora kwa bei. Iko miwani ya bei nafuu inayokinga barabara.

Nitaje pia wanja, kwa kuwa wako wanaoamini kwamba kumpaka mtoto wanja kunamkinga na jua. Wanja ni pambo letu la tangu kale na sina ugomvi nalo kama pambo. Lakini katika nchi nyingi wanja wa dukani umepatikana ukiwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, hasa kwa watoto wachanga. Jicho la mtoto lilindwe kwa kivuli, si kwa wanja.

MAFUNDI WA JUA KALI

Na tusidhani kwamba jambo hili ni la Pwani peke yake. Nairobi iko juu ya usawa wa bahari kwa karibu mita 1,800, na kila unapopanda mita 1,000 miale hiyo huongezeka kwa takriban sehemu moja kwa kumi, kwa sababu hewa ya kuichuja imepungua. Ubaridi wa asubuhi wa Nairobi, Limuru au Eldoret huwahadaa watu. Mchuma chai aliyevaa sweta anapigwa na miale mikali, ila tu hahisi joto lake.

Nchi yetu ina jina ambalo sidhani liko kwingineko: mafundi wetu wanaitwa Jua Kali. Tumelizoea jina hili hata tumesahau kwamba ni malalamiko. Watu hawa waliitwa hivyo kwa sababu hawakuwa na paa. Mwaka wa 1985 Rais Daniel arap Moi alipowatembelea jijini Nairobi, ahadi aliyowapa ilikuwa ya vibanda vya kufanyia kazi, yaani kivuli. Hata leo, miaka mingi baadaye, wako mafundi wengi katika miji yetu ambao jina hilo bado linawafaa kabisa.

Miongoni mwao walio hatarini zaidi ni wachomeleaji wa vyuma. Ule mwanga wa buluu unaomulika wakati wa kuchomelea una miale ile ile ya jua, ila iko karibu na uso. Fundi asiye na ngao hahisi kitu wakati huo. Ni usiku, saa kadhaa baadaye, ndipo macho yanapomwasha kama yaliyotiwa mchanga, yakatiririka machozi, asiweze hata kutazama taa. Konea imeungua. Kwa kawaida hupona baada ya siku moja au mbili, lakini asitie maziwa wala dawa za mitishamba. Na aende hospitali. Miwani ya jua haitoshi kwa kazi hii hata kidogo. Inatakiwa ngao yenye kioo maalumu, na watoto wanaopenda kusimama kutazama cheche wafukuzwe kwa mapenzi.

SIKU JUA LINAPOPATWA

Iko siku moja ambayo hata mtu makini huponzwa na macho yake, nayo ni siku ya kupatwa kwa jua. Kenya imeiona mara nyingi. Tarehe 30 Juni, 1973, jua lilipatwa lote katika eneo la Ziwa Turkana, wakati huo likiitwa Ziwa Rudolf. Tarehe 16 Februari, 1980, kivuli cha mwezi kilipita kusini-mashariki mwa nchi. Tarehe 3 Novemba, 2013, kilirudi tena Turkana.

Siku hiyo jua halina sumu mpya. Hatari ni kwamba mwezi ukishalifunika sehemu kubwa, ukali unapungua, na mtu anaweza kulikodolea macho bila kufinya kope. Sehemu ndogo iliyobaki inatosha kuichoma retina, na retina haina hisia ya maumivu. Mtu huungua bila kujua, na akiamka kesho yake anaona doa katikati ya kila anachokitazama, labda kwa maisha yake yote. Kioo kilichopakwa moshi, picha ya eksirei na beseni la maji, vyote hivyo haviaminiki. Inatakiwa miwani maalumu iliyotengenezwa kwa kanuni ya kimataifa ISO 12312-2.

Nataja haya kwa sababu tarehe 2 Agosti, 2027, jua litapatwa tena. Huko Luxor, Misri, giza litadumu kwa zaidi ya dakika sita, na kivuli kamili kitapita hata sehemu za Somalia. Hapa Kenya tutaona sehemu tu ikifunikwa, na kwa hiyo hapatakuwa na hata dakika moja ambayo ni salama kutazama kwa macho matupu. Walimu wa shule waanze kujitayarisha.

NA HUYO PAKA JE?

Sasa nirudi kwa simu na kompyuta, maana sitaki nionekane nimewakwepa walioniuliza. Mwanga hupimwa kwa kipimo kiitwacho lux. Uwanja wa wazi wakati wa jua kali hufikia lux 100,000. Ofisi yenye taa nzuri ina lux mia tatu hadi mia tano. Simu yako iko upande huo wa pili, upande wa taa za nyumbani. Ni kweli inatoa nuru ya buluu, lakini anga la mchana linatoa nuru ya buluu kwa wingi usioweza kulinganishwa nayo. Haijapata kuonekana kwamba kioo cha simu kinampofua mtu.

Na zile miwani za manjano? Shirika la Cochrane, ambalo kazi yake ni kukusanya na kupima tafiti za madaktari, lilitoa ripoti mwaka wa 2023 baada ya kupitia majaribio 17. Lilieleza kwamba huenda miwani hiyo haipunguzi uchovu wa macho wa kompyuta kuliko miwani ya kawaida. Chama cha madaktari wa macho cha Marekani nacho hakiipendekezi. Zile shilingi elfu mbili zingenunua chepeo ya babu na bado zikabaki.

Lakini macho huuma kweli, utasema. Naam, huuma, na sababu yake si mwanga. Mtu aliyetulia hupepesa macho kama mara 15 kwa dakika. Akikodolea kioo hupungua hadi nusu au chini ya hapo, na jicho lisilopepeswa hukauka. Pia misuli inayoivuta lenzi ili ione karibu huchoka, kama mkono ulionyanyua ndoo kwa saa nzima. Dawa yake ni bure: kila baada ya dakika 20, inua macho utazame kitu kilicho umbali wa mita sita, kwa muda wa sekunde 20. Pepesa macho kwa makusudi. Weka kioo chini kidogo ya usawa wa macho, mbali kama urefu wa mkono.

Mahali ambapo paka huyu ana kucha kidogo ni usingizini. Mwanga wa jioni huuambia mwili kwamba bado ni mchana. Katika jaribio lililochapishwa Marekani mwaka wa 2015, watu 12 waliosoma katika kioo cha elektroniki kwa saa nne kabla ya kulala walichelewa kusinzia kwa takriban dakika kumi kuliko waliposoma kitabu cha karatasi. Kwa hiyo simu ilale sebuleni nawe ulale chumbani. Lakini hilo ni jambo la usingizi, si la upofu.

WATOTO WASIFUNGIWE NDANI

Huenda mzazi mmoja baada ya kusoma haya akaamua kuwafungia watoto ndani. Nakusihi usifanye hivyo! Jicho la mtoto linahitaji mwanga wa nje ili likue sawasawa. Mtoto anayekaa ndani na kutazama vitu vya karibu mchana kutwa huelekea kupata macho yasiyoona mbali. Mjini Guangzhou, China, shule kadhaa za msingi ziliwaongezea watoto wa darasa la kwanza dakika 40 za kuwa nje kila siku. Baada ya miaka mitatu, kama ripoti ya mwaka 2015 ilivyoonyesha, watoto waliopata tatizo hilo walikuwa asilimia 30.4, na katika shule nyingine walikuwa asilimia 39.5.

Ubaya wa simu kwa mtoto, basi, ni kwamba inamnyima uwanja. Atoke nje akacheze, avae kofia, na michezo ya mchana iwe chini ya mwembe. Hata kivulini nje pana mwanga mwingi kuliko darasani.

SHIME

Nimesema kwamba wazee wetu walijenga miji yenye kivuli. Sisi tunajenga soko la wazi, kituo cha boda boda kisicho na hata mti, na barabara ambayo askari wa trafiki husimama katikati yake kuanzia asubuhi hadi jioni akiwa na kofia ya urembo. Tunawapa wavuvi mikopo ya mashua na nyavu, na hakuna anayekumbuka chepeo. Tunamtoza muuza mboga ushuru wa soko, na paa hatumwekei.

Vyama vya wavuvi, kaunti zetu, na waajiri wa mashamba ya chai na ya mkonge wangeweza kulifanya jambo hili bila kungoja msaada kutoka ng'ambo: kila mfanyakazi wa juani apewe chepeo kama anavyopewa jembe au wavu. Akina mama wa Pwani watapata soko la ukili wao, na wanaume na wanawake wetu watayafikisha macho yao uzeeni.

Iko methali nyingine isemayo heri kufa macho kuliko kufa moyo. Huwafariji waliokwisha pofuka, na ni faraja njema. Lakini asiyepofuka bado asiifanye kuwa kisingizio. Ukimaliza kulisoma gazeti hili, mtazame baba yako, mama yako au jirani yako anayetoka kwenda kazini. Kama kichwa chake ki wazi, mtafutie chepeo kabla hujajitafutia miwani ya simu.